Panya wa Ukurasa wa Tano

Panya wa mji ule walikuwa wasomi. Gazeti la siku ya nne ya ule mgomo wa zamani wa kiwanda cha nyuzi lililetwa kwenye chumba cha kumbukumbu na nyumba kumi na moja, na katika nakala zote kumi na moja panya walikuwa wamekula ukurasa wa tano tu. Michezo hawakuigusa. Matangazo ya vifo waliyaheshimu.

"Panya, mwanangu, utawaweza?" walisema wenye magazeti, macho yao dirishani.

Mtunza kumbukumbu hakuwahi kuandika neno panya katika daftari la kupokelea. Kwenye safu ya kasoro aliandika kwa wino mwekundu: umechanwa na binadamu. Aliandika hivyo hata kwa nakala ya mama yake, ingawa mama, alijua, aliuchana kwa uchungu.

Kilichokuwemo ukurasani kila mtu alikijua: picha ya wale waliopita mlango wa nyuma wakanywa soda na meneja, huku wenzao wakivunjwa mbavu getini. Baba wa mtunza kumbukumbu, kwa maelezo yake mwenyewe, alivunjwa mbili. Kofia yake yenye kiraka cha turubai ilikaa ndani ya kabati la kioo mlangoni pa chumba cha kumbukumbu, na kibao: Shujaa wa Mgomo.

Jumatatu likaja sanduku la marehemu fundi viatu, mseja, asiye na mtoto wa kumfichia aibu. Viatu ambavyo wenyewe hawakuvirudia vilikuwa vimefungwa magazeti ya zama hizo. Karani akakunjua moja, akasoma tarehe, akahesabu kurasa.

"Lote lipo, dada."

"Niitie fundi fremu. Ukurasa wa tano nautaka ukuzwe, uwe ukubwa wa mlango. Jumamosi tukifungua maonyesho, watoto wao wapite chini yake."

"Wengine ni majirani zetu, dada. Wana wajukuu."

"Na mimi nina baba."

Karani akatoka akiguna. Yeye akaunyoosha ukurasa kwa kiganja, akaanza safu ya nyuma, uso kwa uso, bila haraka, kama mtu anayekula kitamu. Mwenye duka la mikate, yule. Mwalimu mkuu, naye pia. Akafika safu ya mbele. Chupa ya soda mkononi, kicheko hadi magego, kofia yenye kiraka.

Karani aliporudi na fundi fremu, futi kamba shingoni, akiulizia vipimo, meza ilikuwa tupu. Mtunza kumbukumbu alikuwa ameinamia daftari, akiandika taratibu kwa wino wa buluu: Ukurasa wa tano, umeliwa na panya.