Taa za Chiang Mai

"Kadi ya homa ya manjano walikuuliza?"

Lilikuwa swali la tatu, na wali ulikuwa haujapoa. Modestus aliuliza kwa furaha ya mtu aliyekutana na msafiri mwenzake. Mwaka uliopita alikwenda Thailand kwenye sikukuu ya taa ya Chiang Mai, akarudi kwake Garland, huku ughaibuni, na picha mia nne. Hakujua kwamba binamu yake Prudensia alikuwa amemwita nyumbani kwake Sugar Land Jumapili hiyo kwa kazi maalumu.

"Waliuliza," Yasinta alijibu. "Wakiona pasi ya Tanzania tu, wanataka kadi kwanza. Na pasi iwe na miezi sita mbele."

Modestus aliitikia kwa kichwa: sahihi. Prudensia alimwongezea wifi yake mchuzi, macho hayambanduki usoni.

Mwezi mmoja kabla, katikati ya Novemba 2018, Yasinta alikuja kumuaga kaka yake Deo, mume wa Prudensia. Deo alikuwa hoi kitandani, figo zimekwisha, na ya ndugu ameikataa. Yasinta akasema tiketi zake hazirudishwi na likizo ameshapewa. Akaenda zake. Siku nne baadaye Deo akapata figo, akapasuliwa. Ya nani, hawakuambiwa. Prudensia aliamini ni ya marehemu, akatoa nia ya misa, aombewe apumzike kwa amani.

Alhamisi yake, Prudensia amekaa kando ya kitanda cha hospitali na rozari mkononi, simu ikaleta picha: maelfu ya taa za karatasi zikipaa angani usiku. Chini yake, maneno: *Pole na kuuguza, wifi. Huku kuzuri.*

Hakuisamehe picha ile. Halafu, kadiri siku zilivyopita, akaacha kuiamini. Kati ya picha zote zilizokuja, Yasinta hakuwemo hata moja. Mtu hafichi likizo bure. Kuna mwanaume, Prudensia alijiambia, tena mume wa mtu.

"Na vile vikapu vya kuelea mtoni," Modestus aliendelea, "ulitengeneza mwenyewe au ulinunua?"

"Nilinunua. Kipande cha mgomba, maua, mshumaa na ubani. Unauomba mto radhi, unakiachia kiende."

"Umeona!" Modestus alimgeukia Deo. "Na kichwa cha mtu hakiguswi kule, hata cha mtoto. Na viatu?"

"Unavua mlangoni," alisema Yasinta. "Na magari yanapita kushoto, kama nyumbani."

Deo alicheka, barakoa yake ya mgonjwa ameishusha kidevuni ili ale. Rangi ilikuwa imemrudia. "Mdogo wangu kaenda kweli," alisema, huku akimtazama mkewe, kama anayejibu maneno waliyosemezana chumbani.

"Wifi, nisaidie kuitoa hiyo sufuria," alisema Prudensia.

Yasinta aliitazama sufuria ya wali. Akaegemea meza kwa mkono mmoja, akainuka taratibu kama malkia, akachukua bakuli tupu la kachumbari. Hilo tu. Prudensia akaibeba sufuria mwenyewe, meno ameyauma. Aliporudi, hakukaa.

"Chiang Mai ulifika lini, wifi?"

"Alhamisi, siku yenyewe ya sikukuu. Nilitoka Bangkok, tuka-land saa mbili usiku." Yasinta alitabasamu. "Taa niliziona kwanza dirishani, ndege ikishuka."

Modestus aliacha kutafuna.

"Saa mbili usiku?" Aliitazama sahani yake, kisha akamtazama Prudensia, na hapo ndipo alipoelewa ameitiwa nini. Akasema kwa sauti ndogo, "Labda umechanganya, dada. Taa zikianza kurushwa, ndege za jioni zinafutwa. Mimi mwenyewe nililala Bangkok kwa sababu hiyo."

Deo aliweka kijiko chini.

"Yasinta?"

"Nimechanganya, kaka. Safari ilikuwa ndefu." Alikuwa ameshachukua mkoba wake. "Naondoka. Njia ya kwangu Alief, foleni itakuwa mbaya."

Prudensia alimfuata hadi nje, akasimama kati yake na mlango wa gari.

"Mume wangu anapigania roho, wewe unanitumia picha za mtandaoni! Ni nani huyo mwanaume? Mtaje."

"Wifi, niache niende."

"Hutaki? Basi utamtajia kaka yako." Aligeukia nyumba. "Deo! Deo, njoo nje!"

Yasinta akamshika mkono.

"Usimwite. Nakuomba, wifi, nakupigia magoti. Kaka aliniapisha mbele ya kaburi la mama, nikaapa, na kiapo nimekivunja. Akijua hatanisamehe mpaka anakufa."

"Ulifanya nini, Yasinta? Ulikuwa na nani?"

Mlango wa mbele ulifunguka. Deo akatokeza kizingitini, mkono tumboni, akiwatafuta kwa macho. "Mke wangu? Umeniita?"

Yasinta alisogea hadi mdomo wake ukakaribia sikio la Prudensia.

"Nilikuwa na kaka," alinong'ona. "Ghorofa ileile ya hospitali, milango miwili kutoka chumba chake. Mimi walinipasua kwanza."