Mzee Ngazi

Mzee Ngazi alikuwa juu ya ile ngazi iliyompa jina, kopo la rangi mkononi, wateja watatu wakimngoja chini. Mmoja alitaka kitasa, mwingine balbu, wa tatu alitaka tu mtu wa kumfokea. Aliwahudumia wote, hata huyo wa kufoka.

Zamani duka lile lilikuwa na wahudumu kumi na wawili. Kisha wakubwa wa kampuni wakaamua kwamba mteja ana macho, atajitafutia mwenyewe. Barua za kuachishwa kazi zikaanza kutoka, leo huyu, kesho yule. Mameneja nao wakawa wanabadilishwa kama nguo. Wa sasa alikuwa na wiki mbili tu, na watu alikuwa bado anawachanganya. Wahudumu watatu waliosalia walikuwa wamejikalia stoo, kila mmoja akingoja yake. Wateja wakachoka kuzungushwa, wakahamia duka la ng'ambo ya barabara. Wachache waliokuwa bado wanakuja walimfuata Mzee Ngazi.

Mwenyewe hakufurahi wala hakukasirika. Ganzi tupu. Kila asubuhi mkewe alimfungia chakula na kumtakia kazi njema. Mama wa watu alikuwa na ugonjwa wa moyo, na daktari alishasema asipewe habari za kushtua. Kwa hiyo jambo moja tu lilimtisha Mzee Ngazi: mkewe asije akasikia neno barua. Basi akawa anafika kabla duka halijafunguliwa, anaingia na wateja wa kwanza, mchana anakula huko nje kwenye maegesho, kisha anarudi kusimama.

Keshia alikuwa akimwona, anainamisha kichwa na kuendelea na kazi.

Juzi meneja alimuuliza beji yake iko wapi. Akajibu hana. Meneja akaahidi kumwagizia nyingine, akasahau.

Alasiri hii meneja akamwita ofisini. Mzee Ngazi alitembea taratibu. Mezani aliziona bahasha, naye akajua ni nini.

Meneja alieleza kwamba mauzo yameporomoka vibaya, na wakubwa wanataka wabaki keshia na mhudumu mmoja tu. Yeye hakutaka kubahatisha, akawauliza wateja. Wote walimtaja mtu mmoja.

"Hizi ni za wale watatu wa stoo," alisema. "Wewe unabaki, mzee wangu. Kaa, upumue."

Mzee Ngazi hakukaa. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka ikaanza kuchanika, akaiweka juu ya zile bahasha.

"Yangu nilipewa mwezi wa tatu, bosi," alisema. "Nyumbani ndiko bado sijaifikisha."