Nywele za Mama wa Bibi Harusi

Tunu alitaka siku ya harusi yake yeye na mama yake watengenezwe nywele kwa mtindo mmoja: zivutwe juu, zikunjwe fundo kubwa utosini. Zake zilikuwa nzito, zikashika mara moja. Kisha Bi Rehani, mama yake, akaketi kitini na kuvua mtandio polepole.

Shani, msusi, alipitisha chanuo mara moja tu. Fungu zima la nywele likang'oka, likabaki kiganjani mwake. Akainua macho, akakutana na macho ya Bi Rehani kwenye kioo. Mama alitikisa kichwa kidogo sana.

"Vipi?" Tunu aliuliza, akijipaka wanja.

"Nywele za mama ni nyepesi," Shani alijibu, akikunja ngumi. "Fundo halitakaa. Nywele kama hizi zinapendeza kwa kilemba."

"Nyepesi? Mama ana nywele nyingi kuliko mimi!"

Tunu akasogea, akaishika ngumi ya msusi na kuifungua kidole kimoja kimoja. Akatazama kilichokuwa ndani.

"Tangu lini, mama?"

"Ni dawa za hospitali, mwanangu. Nilitaka uolewe kwanza, ndipo nikwambie."

Nje, magari ya harusi yalianza kupiga honi. Tunu aliketi sakafuni, akaegemea magoti ya mama yake, akaanza kuchomoa pini kichwani mwake mwenyewe.

"Usiharibu, Tunu. Wanakusubiri."

Fundo lililegea. Nywele zikamwangukia mabegani, naye akazidi kuchomoa. "Shani, tufunge vilemba sote wawili."