Moja Ikizimika

Itangazwe kwa wakulima wote wa Makote, Mkunya na vitongoji vyake: kuanzia siku ile, daftari limekufa. Ndivyo alivyosema Katibu Ambrosi mbele ya ofisi ya chama, Newala, kwa sauti ya kuapisha mawaziri. Alikuwa ndiyo kwanza anaigusia karne mpya, jogoo akawika mfukoni mwake. Ilikuwa simu yake ya mkononi, ya kwanza ofisini pale, na aliipokea huku karne ikisubiri. Madaftari yenyewe waligawiwa wauza maandazi.

Mahali pake zilikuja kompyuta tatu, zikapangwa stoo na kuunganishwa kwa waya. Fundi Cecil wa Masasi alieleza mpango wake mara moja tu, na kwa bahati mbaya wote wakamwelewa. Kila jina litaandikwa katika mashine zote tatu.

"Moja ikizimika," alisema, "mbili zinaendelea. Hakuna kinachoharibika."

Umeme wa mji ulikatika ulivyopenda. Soketi zilizokuwa hai kutwa nzima zilikuwa tatu, zile za stoo, kwa sababu ya betri kubwa za Cecil.

Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, Cecil alianza kusimika programu na kuingiza, kutoka kwenye diski, majina elfu nne ya wakulima. Nje lilisimama lori la salfa, dawa ya mikorosho. Mikorosho ilikuwa imetoa maua, na ugonjwa wa ubwiri unga ulikwisha kuanza kuyapaka majivu. Ambaye hangepuliza dawa wiki ile, hangevuna. Dereva Jafari alikuwa na amri moja: apewe orodha iliyochapwa kabla ya saa nane mchana, la sivyo salfa irudi Masasi.

Saa sita na nusu Cecil akatoka stoo. Kazi imesimama, alisema. Yaliyokwisha kuingia yamefutika, na kuanza upya kunataka saa tano. Mkononi alishika birika la umeme, lingali la moto, waya ukiburuzika nyuma yake kama mkia.

Hapakuwa na haja ya kuuliza birika la nani. Dominika, karani, alisogea mwenyewe mbele ya Katibu.

"Nilichomoa moja tu, Baba Felix. Fundi alisema moja haina neno."

"Moja tu," Katibu akarudia, akiwageukia wakulima ili wachukie pamoja naye. "Mmesikia, jamani? Maua yenu yanaoza, Mama Agatha huyu anakunywa chai."

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamwiva. Alimkumbusha Dominika miaka yake kumi na tisa ya daftari, akaiita wivu. Alimwita mhujumu. Alimwambia aweke funguo mezani na kesho asionekane. Dominika, aliyeyapiga majina yale yote kwa vidole viwili, wiki tatu mfululizo, aliweka funguo. Mzee mmoja wa Mkunya akatema mate chini, na Katibu akayahesabu mate yale kuwa kura yake.

Jafari alitazama saa. "Mzee, Masasi wanakupigia tangu asubuhi. Wanasema wanaweza kukuongezea siku moja, ila wanataka kauli yako. Mbona hupokei?"

Katibu akamjibu kwamba yeye, akiwa analinda mali ya wanyonge, hana nafasi ya maongezi.

Cecil akakohoa. "Katibu, birika halitoshi."

"Halitoshi nini?"

"Birika limezima mashine moja. Moja ikizimika, mbili zinaendelea. Kazi imesimama kwa sababu zimezimika mbili, na moja peke yake haiwezi."

Hasira ya Katibu, iliyokuwa inaanza kupoa, ikapata kuni mpya. Kumbe wahujumu ni wawili. Aliamuru geti lifungwe. Akaagiza iletwe Biblia, uletwe na Msahafu, kila aliyekanyaga ofisi ile tangu asubuhi aape mbele ya wakulima, tena yeye ndiye atakayeanza, ili waovu wasipate kisingizio. Akainua mkono wa kuume. Wakulima wakavua kofia.

"Mimi, Ambrosi, sikugusa—"

Stoo, nyuma ya mashine ya tatu, jogoo akawika.

Akawika tena. Mkono wa Katibu ulibaki juu, hauna pa kwenda. Dominika akachukua birika lake.

"Nilichomoa moja tu," Katibu akasema.