Maji Kaburini

Kaburi la Shaibu lilijaa maji kabla hajafikishwa. Wanaume walitua jeneza, wakaanza kubishania ile dhoruba iliyomwangushia ukuta.

"Hii ni tabianchi, mzee wangu. Bahari imepata joto," alisema mwalimu Hatibu.

"Tabianchi ya wapi!" mzee mmoja alimjibu. "Babu yangu aliezuliwa paa na upepo huu huu."

"Mara moja maisha yake yote! Sisi kila masika."

"Nyie mliosoma, kila mvua mna jina lake!" Watu wakacheka chinichini.

Bi Kazija, mama wa marehemu, aliwasikia kutoka nje ya ua wa makaburi, ambao wanawake wa mji ule hawauvuki. Akavua viatu, akachukua ndoo iliyoletwa kunyunyizia kaburi, akapita katikati yao.

"Mama, huku hawaingii wanawake," Hatibu alimzuia.

"Basi teka wewe, mwanangu." Akamnyooshea ndoo.

Hatibu alitazama kanzu yake nyeupe. Hakuna aliyeipokea ndoo.

Bi Kazija akapandisha kanga, akashuka shimoni, akateka, akamwaga. Juu yake ubishi ukaendelea, kwa sauti ya chini, kwa heshima. Maji mekundu, ya uvuguvugu, yalichuruzika tena kutoka kwenye udongo, yakampanda magotini.