Mtutu wa Jirani

Joakim aliuelekeza mtutu kwenye mwanga wa mlangoni, akafumba jicho moja na kuchungulia. Ndani ulimetameta, lakini karibu na pale risasi inapokaa aliona duara jeusi. Akapitisha ukucha kwa nje. Ukucha ukakwama kwenye ufa mwembamba kama unywele.

"Vipi, kaka?" aliuliza jirani yake. Jirani huyo alikuwa ameununua mtutu Songea, maana enzi hizi za ruksa hakuna kisichopatikana.

Joakim aliendelea kuugeuzageuza mtutu. Miaka yote kiboko alipovamia mpunga wa kijiji chao cha Lundo, watu walimkimbilia yeye. Sasa bunduki yake imechakaa, na watu wanaupita mlango wake wakienda kwa jirani huyu. Jana hata mke wake alimsifia bwana huyu mbele ya wageni, tena akicheka.

"Au tuifunge kwenye mti kwanza, tuifyatue kwa kamba?" jirani aliuliza tena.

Ndivyo walivyofanya kwa kila mtutu mgeni, usije ukampasukia mtu usoni. Joakim alichukua kitambaa chenye mafuta, akausugua ule ufa mpaka ukapotea machoni.

"Mti wa nini? Mtutu mzima huu."

Jirani alishusha pumzi. Akaufunga mtutu kwenye bunduki, akatia risasi, wakatoka uani walikokuwa wakisubiri wenye mashamba.

"Jamani, aliyenifundisha kulenga shabaha ni kaka yangu huyu," akasema. "Risasi ya kwanza ni yake."

Akampa Joakim bunduki kwa mikono miwili.

Aliyetangulia kupiga kigelegele alikuwa mke wa Joakim.