Kiti cha Nyuma

Gari lilishusha pumzi ndefu, kisha likajilaza tumbo kwenye matope, katikati ya Busunzu na Kibondo.

"Si leo!" Kipriani akaupiga usukani ngumi. Gari la kifahari, eti springi za upepo! Mwezi uliopita lilimlalia hivihivi sokoni Kasulu, watu wakacheka. Sasa kioo cha dashibodi kilikuwa kinamwomba kwa adabu alipeleke kwa wakala wa kampuni iliyolitengeneza. Wakala mwenyewe yuko Dar es Salaam.

Nyuma, mama yake alikuwa amelazwa kwenye kiti cha ngozi kinachomkanda mtu mgongo. Kipriani alikiwasha ili mgonjwa apate nafuu.

Asubuhi majirani walikuwa wameshambeba kwa machela, wakipokezana mabega kama kawaida yao, kumpeleka hospitali. Yeye ndiye aliyewasimamisha njiani.

"Mshusheni. Mama yangu habebwi kwenye miti wakati gari ninalo."

Sasa aliwapigia simu. Walikuja mbio na machela yao, wala hakuna aliyemsema.

Jirani mmoja alifungua mlango wa nyuma, akainama, akamshika mama mkono. Akabaki ameushika.

"Mtoeni basi, twende!" Kipriani alifoka. "Mnangoja nini? Anapumua huyo. Hamwoni kifua kinavyopanda na kushuka?"

"Zima gari kwanza, ndugu yangu."

Kipriani alibonyeza kitufe.

Kiti kikaacha kukanda. Kifua kikatulia.